Shangazi, makala yangu ya kutetea bunduki chuoni imenigombanisha na wenzangu

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Nakuru, na sasa niko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Texas kwa viza ya mwanafunzi. Huwa naandikia ukurasa wa maoni wa gazeti la wanafunzi, kwa kawaida mambo mepesi tu: bei ya vitabu, chakula cha bwalo, mabasi ya chuo kuchelewa.

Hapa Texas, tangu tarehe 1 Agosti 2016, mwenye leseni anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa ndani ya vyuo vikuu vya umma. Mwezi uliopita baadhi ya maprofesa na wanafunzi walianza kukusanya saini ili sheria hiyo ifutwe, na bunduki zidhibitiwe zaidi kwa ujumla. Barua zote zilizomfikia mhariri wetu ziliunga mkono. Akauliza kama kuna mtu anaweza kuandika upande wa pili. Nikajitolea.

Sikuandika kutafuta sifa, Shangazi. Naamini nilichoandika. Chuo Kikuu cha Garissa kule Kenya kiliposhambuliwa na magaidi, Aprili 2015, nilikuwa shule ya msingi. Nilikaa na baba mbele ya runinga mchana kutwa tukingoja Recce, kikosi maalumu cha polisi, kifike, na jioni tukaanza kusikia idadi. Watu 148, karibu wote wanafunzi. Makala yangu ilianzia hapo: kwamba kama mwanafunzi mmoja tu angekuwa na bunduki katika bweni lile, mambo yangekuwa mengine. Nikaingiza shule ya Uvalde hapa Texas, ambako Mei 2022 polisi walisimama kwenye korido zaidi ya saa nzima huku watoto wakifa darasani. Nikaingiza mnara wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin mwaka 1966, ambako raia walichukua bunduki zao za kuwindia wakamrudishia risasi muuaji. Nikaandika kwamba Wamarekani hujitetea kwa bunduki mara milioni 2.5 kila mwaka, na kwamba Kenya, ambako raia haruhusiwi kumiliki bunduki, haijawa salama kwa sababu hiyo. Mwisho nikasimulia jinsi mwenzangu wa chumbani, kijana wa Lubbock, alivyonipeleka uwanja wa kulenga shabaha, akanipa bastola yake mkononi, na jinsi woga wangu ulivyoisha baada ya risasi ya kwanza.

Makala ikatoka na picha yangu. Wanafunzi ambao hawakuwahi kunisalimia wakanipa mikono. Lakini kwenye chama chetu cha wanafunzi wa Afrika nimekuwa mgeni. Nilikuwa niwe mfawidhi wa usiku wa utamaduni. Nimeambiwa kwa upole kwamba "wamepata mtu mwingine". Dada mmoja anayetoka Garissa, ambaye tumekuwa tukipika pamoja tangu mwaka wa kwanza, aliniandikia maneno manne tu: "Binamu yangu si hoja." Hajibu simu tangu siku hiyo.

Mama naye alitumiwa makala na mtu wa kanisani. Alinipigia saa nane usiku za huku, analia, akitaka jina langu litolewe. Alisikia habari ya yule mwanafunzi Mturuki wa Chuo Kikuu cha Tufts aliyekamatwa barabarani Machi 2025, baada ya kuandika pamoja na wenzake maoni kwenye gazeti la chuo. Nimemweleza kwamba yule aliandika kuhusu Gaza, si bunduki. Hasikii.

Sasa mhariri anataka makala ya pili, ichapishwe ubavuni mwa jibu la mwanafunzi mmoja wa historia anayenipinga. Nina wiki mbili. Niandike au niache? Nimwombe mhariri aifute ile ya kwanza ili mama apate usingizi? Na huyu dada nimwambie nini, wakati sijamtukana mtu? Inakuwaje mtu akitofautiana na wenzake kuhusu bunduki anaonekana msaliti?

Mwandishi Chipukizi, Texas

*

Mwandishi Chipukizi, marahaba.

Tuanze na jambo ambalo hukuniuliza, kwa sababu ndilo lenye haraka. Rudi kwenye ile aya yako ya mwisho, ya bastola ya kijana wa Lubbock. Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, na viza yako ya mwanafunzi ni mojawapo, kuwa na bunduki au hata risasi mkononi mwake. Kuna vighairi vichache, kinachojulikana zaidi ni cha mwenye leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Kama ulikuwa nayo, shukuru Mungu na uitunze vizuri. Kama hukuwa nayo, basi umelieleza gazeti, kwa jina lako na picha yako, jambo ambalo adhabu yake ya juu kabisa kwenye vitabu ni kifungo cha miaka 15, na ambalo ofisi ya uhamiaji inaweza kulitazama kwa jicho lake yenyewe.

Sisemi kuna mtu atakuja kugonga mlango. Watu wengi wenye viza kama yako hupelekwa kwenye viwanja hivyo na marafiki bila kujua sheria, na mwenzako naye pengine hakujua. Lakini si kila mmoja wao ameliandika gazetini. Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi nakuambia pole, kisha nakuambia nenda kwa wakili wa uhamiaji wiki hii. Vyuo vingi vya umma vina ofisi ya msaada wa kisheria kwa wanafunzi, bure au kwa ada ndogo. Waulize wakuelekeze kwa anayejua mambo ya viza. Usianzie kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Ni watu wema, lakini si mawakili wako, na unachowaambia hakilindwi kama unachomwambia wakili. Mpaka umwone, usimweleze mhariri, wala kikundi cha WhatsApp, wala mimi, chochote zaidi kuhusu siku ile. Na uwanjani usirudi.

Kwa hiyo mama hakukosea kuogopa, alikosea tu cha kuogopa. Katiba ya Marekani inalinda maneno ya mgeni pia akiwa ndani ya nchi, na yule mwanafunzi wa Tufts jaji aliamuru aachiliwe Mei 2025. Ila alikuwa ameshakaa kizuizini majuma kadhaa. Kutetea bunduki Texas hakufanani na kuandika aliyoyaandika yeye, hilo uko sahihi.

Kufuta makala? Usiombe, labda wakili wako akuambie vingine. Nimekaa meza ya uhariri miaka mingi kabla ya kupewa safu hii, na nakuambia hakuna mhariri mwenye akili anayefuta maoni kwa sababu mwandishi wake amesutwa. Kinachofanyika ni sahihisho, na wewe una la kusahihisha. Umeandika kwamba Kenya raia haruhusiwi kumiliki bunduki. Si kweli, na hayo si maoni bali ni kosa la ukweli. Kenya ina Sheria ya Bunduki na ina Bodi ya Leseni za Bunduki. Raia huomba, huchunguzwa, wengine hukataliwa, wengine hupewa. Mwandikie mhariri mistari miwili, aiweke panapostahili. Msomaji wa Kenya akikuta kosa hilo, hoja zako nyingine zote hatazisoma tena.

Sasa tuingie kwenye makala yenyewe. Nikuambie mapema kwamba sikubaliani nawe. Ningekuwa na saini ya kutoa chuoni kwenu, ningeitoa kwa wale maprofesa. Lakini hukuniandikia nikubadilishe, na upande wako una hoja nzuri kuliko ulizotumia. Hilo ndilo lililoniudhi niliposoma barua yako: umepita hoja zenye nguvu umeokota zilizolegea.

Chukua Garissa. Washambuliaji wanne walikuja alfajiri na bunduki za kivita na mikanda ya milipuko. Waliwaua walinzi langoni, wakawakuta wanafunzi Wakristo kwenye sala ya asubuhi, na wengine vitandani. Mwanafunzi mwenye bastola chini ya mto angefanya nini? Labda angeokoa korido moja. Labda angekufa wa kwanza. Huwezi kuthibitisha, na mimi pia siwezi, ndiyo maana si hoja bali ni tamaa ya moyo. Tunachokijua kuhusu Garissa ni kingine: tahadhari za mashambulizi kwenye vyuo zilikuwa zimetolewa siku chache kabla, ulinzi ukabaki kiduchu, na Recce, waliokuwa Nairobi, wakaingia chuoni jioni, wakaimaliza kazi kwa muda mfupi sana. Hayo ni mashtaka dhidi ya serikali iliyochelewa. Unaweza kuyatumia upande wako, ukisema kwamba dola haifiki kwa wakati. Lakini lazima uyaseme hivyo, si kupachika bastola ya kufikirika mkononi mwa marehemu.

Kama ulitaka mfano wa nyumbani, ulikuwa nao Nairobi. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, tarehe 21 Septemba 2013. Waliotangulia kuingia kuokoa watu, saa nyingi kabla ya operesheni ya serikali kujipanga, ni polisi wachache waliovaa kiraia pamoja na raia wenye bunduki za leseni, wengi wao wa jamii ya Wahindi wa Kenya waliokuwa na desturi ya ulinzi wa mtaa. Waliwatoa watu kwenye maduka na vyoo wakiwa na bastola tu. Hapo una hoja! Ila isome mpaka mwisho kabla mpinzani wako hajakusomea. Wale walikuwa watu waliochunguzwa, waliopewa leseni chini ya sheria kali, na waliojizoeza kulenga. Yaani Westgate inakusaidia nusu, na nusu nyingine inamsaidia anayetaka udhibiti. Na jeshi lilipoingia, iliripotiwa kwamba risasi zake zilimuua afisa wa Recce. Watu waliofunzwa, wenye redio, walishindwa kutofautishana ndani ya jengo lile. Sasa fikiria korido ya bweni, wanafunzi watano wenye bastola, na polisi wanaingia bila kujua nani ni nani.

Kaskazini mwa Kenya nako kuna somo ambalo Wamarekani wenu hawalijui. Bonde la Suguta, karibu na Baragoi, Novemba 2012: polisi zaidi ya 40 waliuawa na wezi wa mifugo waliokuwa na silaha. Bunduki mikononi mwa raia hazikuleta usalama pale. Lakini pia serikali ilipochukua bunduki za askari wa akiba mwaka 2019, wakaazi wa Bonde la Ufa kaskazini walilalamika kwamba wameachwa mikononi mwa majambazi ambao bunduki zao hakuna aliyezichukua. Huo ndio ugumu wa kweli wa jambo hili, na mtu wa Nakuru yuko karibu nao kuliko profesa yeyote wa Texas. Uandike kama ulivyo, na kona zake zote.

Mnara wa Austin nao usiutumie nusunusu. Ni kweli risasi za raia zilimlazimisha muuaji, Charles Whitman, kuinama nyuma ya ukuta, na pengine ziliokoa watu. Ni kweli pia kwamba aliyemmaliza ni polisi waliopanda juu, Ramiro Martinez na Houston McCoy, wakiwa na raia mmoja, Allen Crum, aliyepewa bunduki hapohapo, na kwamba walipofika kule juu risasi zilizotoka chini zilikuwa hatari kwao pia. Ile sheria yenu, kwa taarifa yako, ilianza kufanya kazi miaka 50 kamili, siku kwa siku, tangu mauaji yale. Sijui nani aliichagua tarehe ile, lakini mwanafunzi wa historia hatakosa kuitaja.

Milioni 2.5 itupe. Inatokana na utafiti wa Gary Kleck na Marc Gertz wa mwaka 1995, uliofanywa kwa kupigia simu watu takriban 5,000 kisha majibu yakakuzwa kuwa ya nchi nzima. David Hemenway wa Harvard ameshaueleza udhaifu wake: katika jambo adimu, watu wachache wakitia chumvi kwenye simu, ukikuza unapata mamilioni. Takwimu za serikali za waathiriwa wa uhalifu hutoa makumi ya maelfu kwa mwaka. Hata makumi ya maelfu ni watu wengi waliojiokoa. Ungeweza kusimama juu ya hiyo bila aibu.

Halafu kuna namba ambayo hukuigusa kabisa. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Unaandikia vijana walio mbali na kwao, wengine wenye mitihani iliyowashinda na simu wasizozipokea. Kwa watu hao hatari kubwa ya bastola bwenini si muuaji wa kutoka nje. Ukiandika tena bila kulijibu hilo, mpinzani wako hatahitaji hoja nyingine.

Sasa hoja yenye nguvu. Nashangaa kijana mweusi anaandika dhidi ya udhibiti wa bunduki huko Kusini mwa Marekani na haigusi historia ya watu weusi wa Kusini. Baada ya utumwa kukomeshwa, mwaka 1865 Mississippi ilitunga sheria ya kumkataza mtu mweusi kuwa na silaha bila kibali. Mwaka 1892 Ida B. Wells, mwandishi wa habari aliyefichua mauaji ya makundi ya wazungu, aliandika kwamba bunduki ya Winchester inastahili mahali pa heshima katika kila nyumba ya mtu mweusi. Mwaka 1956 nyumba ya Martin Luther King ilipigwa bomu kule Montgomery. Akaomba kibali cha kubeba bunduki, akanyimwa. Mchungaji yule! Mwaka 1964 kule Jonesboro, Louisiana, wanaume weusi waliunda kundi la Deacons for Defense kuwalinda wanaharakati dhidi ya Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Na mwaka 1967 wafuasi wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, walipoanza kutembea na bunduki hadharani California wakiwafuatilia polisi, gavana Ronald Reagan, ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa rais, alitia saini sheria ya kuwazuia.

Swali linalotoka hapo ndilo lako: mkononi mwa nani kuna kalamu ya kutoa kibali? Katika kesi ya Bruen, ambayo hukumu yake ya mwaka 2022 iliangusha sharti la New York la kuonyesha sababu maalumu ndipo upewe leseni ya kubeba bunduki, mawakili wa kutetea maskini wa Bronx walisimama upande mmoja na wapenda bunduki. Waliiambia Mahakama ya Juu kwamba wateja wao wanaoshtakiwa kwa sheria ile karibu wote ni weusi na Walatino. Hao si watu wa Lubbock. Ukianzia hapo, hata wale wa chama chenu watasoma aya ya pili.

Ukigusa Katiba, kuwa mwangalifu. Katika kesi ya Heller ya mwaka 2008, Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba haki ya bunduki ni ya mtu binafsi, na katika hukumu hiyohiyo akasema haina maana kwamba marufuku ya bunduki mahali kama shule yamefutwa. Na mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane kati ya tisa walikubali kumnyang'anya silaha mtu mwenye amri ya mahakama kwa kumtishia mpenzi wake. Kwa hiyo usijiandikie kana kwamba unapinga kila udhibiti uliopo duniani. Ukaguzi wa mnunuzi, umri, leseni, kufungia bunduki kabatini, aina za bunduki: hayo ni mambo tofauti. Chagua moja unalolipinga, useme na unaloweza kuishi nalo. Nadhani lako ni la leseni za chuoni. Basi baki hapo.

Na uanze kwa kusema kwamba wewe mwenyewe, kwa viza yako, hukuruhusiwa kubeba. Si kwa kusimulia siku ile, nimeshakukataza, bali kama sheria inavyosema. Msomaji ana haki ya kujua kwamba unatetea haki isiyokuhusu. Wengine watacheka. Wengine watakuamini zaidi kwa hilo.

Nimemwacha dada wa Garissa mwisho kwa sababu hapo sina ujanja. Hujamtukana, kweli. Lakini umemchukua marehemu wao ukamsimamisha mbele ya watu wasiomjua akusaidie kushinda, na yeye alilisoma peke yake asubuhi, labda akila uji. Tukio la Garissa ni la umma; kila Mkenya analo, na unaweza kulitaja maisha yako yote. Msiba ni wa kwao. Ulikuwa unamjua, mmepika pamoja, na hukumwambia hata neno kabla gazeti halijatoka. Hapo ndipo palipouma, wala si msimamo wako kuhusu bunduki.

Usimwandikie ujumbe mrefu. Nenda, au mtume mtu mnayeheshimiana naye aulize kama unaweza kwenda. Ukifika, usieleze ulichomaanisha. Mwulize binamu yake alikuwa anasomea nini. Akitaka kukufokea, kaa ufokewe. Usimwahidi kwamba utabadilisha mawazo kama hujabadilisha, atajua. Mwahidi jambo moja unaloliweza: katika makala ya pili hakutakuwa na bweni la Garissa wala neno lake alilokuandikia, hata kwa kulificha jina. Nakujua nyinyi waandishi, maneno yale manne tayari umeshayafikiria kama kichwa cha habari.

Kuhusu usaliti, chama chenu kimekosea kukunyima usiku wa utamaduni kwa sababu ya maoni. Waambie hivyo mara moja, kwa adabu, kisha uje ukae kwenye viti kama wengine. Na wale waliokupa mikono, wanaotaka ukazungumze kwenye klabu yao, wasubirishe. Wanakutaka kwa sababu wewe ni Mwafrika anayesema wanachopenda kusikia, na hawajakuuliza hata jina la mji wenu.

Wiki mbili zinatosha ukianza na wakili. Akikwambia usiandike, mwambie mhariri huwezi, bila sababu, atapata mwingine. Akikuruhusu, andika, na ukimaliza mpe mwanafunzi wa historia asome kabla ya kuchapishwa, naye akupe yake. Mama mpigie Jumapili baada ya ibada. Anza na habari ya wakili, kisha ya sahihisho. Ya makala ya pili mweleze akiwa ameshakula.

Shangazi